Mwanamume wa Chumba cha Matangazo

Mkuu wa stesheni alikuwa na tabia ya kuzipanga kalamu zake mezani kila alipotaka kusema uongo, na asubuhi ile alikuwa amekwisha kuzipanga mara mbili kabla Inspekta hajavuta kiti.

"Maelezo yangu nilishayatoa, afande," alisema. "Sina la kuongeza."

"Nimeyasoma. Umesema mtangazaji wako alikuwa kazini mpaka siku ya mwisho kabla hajapotea."

"Ndivyo."

"Mimi nimetoka kuongea na wapagazi wako pale chini. Wanasema Chiriku hawakumsikia kwa muda mrefu kabla hajapotea. Aliyekuwa akitangaza ni mwanamume."

Kalamu zikapangwa tena, safari hii kwa urefu.

Chiriku ndilo jina ambalo stesheni nzima ilimwita mwanamke yule, kwa ile sauti yake nyembamba iliyopenya kelele za injini na vilio vya watoto ikamfikia kila abiria sikioni. Wengi walimjua kwa sauti tu. Alikuwa haonekani tangu mwezi uliopita, na mumewe, seremala mpole wa mtaa wa nyuma, alikuwa rumande. Kesho asubuhi angesimama mbele ya hakimu kujibu shtaka la kumuua mkewe.

Inspekta mwenyewe ndiye aliyemtia pingu, na hakukosa usingizi kwa jambo hilo. Taulo la bafuni lilikuwa na damu, na damu ilikuwa ya Chiriku. Jirani aliyepakana nao ukuta alisikia alfajiri sauti mbili za kiume ndani ya nyumba, moja ikilia, na ya mke haikusikika kabisa. Baadaye kidogo jirani huyo huyo alimwona mwanamume mwenye ndevu na kofia akitoka na mkoba wa Chiriku begani. Tena kwenye bomba la sinki kulikutwa vinyweleo vifupi vigumu vilivyokatwa kwa wembe, wakati kidevu cha seremala kilikuwa laini kama yai. Mkubwa wake kazini alishayaunga mambo: mwanamume wa pili ni hawara, seremala aliwafumania, akamuua mke, hawara akatimua mbio. Hadithi ilikaa vizuri. Kilichomkera Inspekta ni kwamba ndani ya hadithi hiyo mlikuwa na mtu mzima mwenye ndevu asiyejulikana jina wala alikotoka, na hakutaka kwenda mahakamani na pengo kubwa namna hiyo.

"Mzee," alisema, "mume wa mwenzako anaweza kunyongwa. Kalamu zako hazitakimbia. Huyo mwanamume ni nani?"

"Simjui."

"Humjui vipi mtu aliyekaa kwenye chumba chako?"

"Alinipigia kwa simu ya ndani. Akasema Chiriku ana mafua, anamshikia zamu. Nikasema sawa. Sasa mafua yenyewe hayakwisha."

"Na hukupanda ngazi kumtazama?"

"Taa nyekundu ikiwaka juu ya mlango, haruhusiwi mtu kuingia. Kipaza sauti kiko wazi. Hiyo ni kanuni, afande, sikuitunga mimi."

"Taa inawaka siku nzima?"

"Stesheni ina treni nyingi," alijibu kwa sauti ya chini. "Na treni zote zilitangazwa vizuri. Ningemkagua nini mtu anayetangaza vizuri? Baadaye mlipokuja kuuliza, nikaona nikisema kulikuwa na mgeni mle ndani, kazi sina."

Inspekta alisimama. Alitamani kumtukana, lakini muda haukuruhusu.

Chumba cha matangazo kilikuwa juu ya ngazi nyembamba ya chuma, mlango ukifungwa kwa ndani. Kioo chake kilitazama reli, si watu. Mtu aliweza kuingia kwa ngazi ya nyuma kabla ya treni ya kwanza na kutoka watu wakiwa wametawanyika, asikutane na kiumbe. Ndani mlikuwa na kiti, kipaza sauti na mtandio umetundikwa ukutani. Inspekta aliunusa mtandio ule. Ulinukia sabuni ya kunyolea.

Alishuka hadi chumba cha mitambo, alikokuwa fundi mmoja mnene aliyevaa miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani.

"Kila tangazo linarekodiwa," fundi alieleza. "Ajali ikitokea, waulizaji wajue abiria waliambiwa nini. Tunatunza mwaka mzima. Unataka siku gani?"

"Nataka siku ya kwanza ya huyu bwana wa sauti nzito. Nijue alianza lini, nijue nani alimleta."

"Rahisi hiyo. Tunaanza mwisho, tunarudi nyuma mpaka tumpate Chiriku. Pale anapokoma yeye ndipo anapoanza huyu."

Akabonyeza. Chumba kikajaa sauti ya mwanamume, nzito, yenye mkwaruzo kidogo: "Abiria wa treni ya pwani, jukwaa la pili. Shikeni watoto, kisha mizigo. Watoto kwanza."

"Huyo," alisema Inspekta. "Rudi nyuma."

Fundi akarudi nyuma wiki kadhaa. Sauti ile ile, labda yenye mkwaruzo zaidi. Akarudi tena. Sauti ya mwanamume bado, ila sasa ilikuwa kama ya kijana anayebaleghe, ikikatika katikati ya neno na kujikusanya upya.

"Alikuwa na mafua kweli huyu," fundi alisema.

"Rudi."

"Shikeni watoto, kisha mizigo. Watoto kwanza." Hapa sauti ilikuwa juu kidogo. Mtu asiyemwona msemaji ingemchanganya: mwanamume mwembamba, au mama aliyeamka na koo bovu. Inspekta alikunja uso. "Hayo maneno ya watoto kwanza, wote wanayasema?"

"Hapana. Hayako kwenye kanuni. Hayo aliyazua Chiriku mwenyewe, alikaripiwa hata, akakataa kuacha." Miwani ya puani ilikuwa inateremka na hakuirudisha.

"Rudi tena. Polepole."

Alirudi polepole. Kila aliporudi, sauti ilipanda. Ilipanda kidogo tu, kiasi kwamba tangazo moja na linalofuata hayakuwa na tofauti ya kumfanya mtu ageuke. Lakini ilikuwa inapanda, na kila mahali mvutano wa pumzi ulikuwa ule ule kabla ya namba ya jukwaa, na "watoto kwanza" ilitua vile vile, kwa upole ule ule. Mwishoni, bila kupita mlango wowote, ikawa Chiriku: nyembamba, nyangavu, ya miezi mingi nyuma, akitangaza treni ya asubuhi kwa furaha ya mtu aliyekunywa chai vizuri.

Fundi aliondoa mkono kwenye mtambo.

"Afande," alisema, "mbona sijaipata siku aliyoanza?"

Inspekta alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Alikuwa amekwisha kuona maiti za kila namna katika kazi yake na hakuna hata moja iliyomshtua kama hili. Hakukuwa na mwanamume wa pili. Vituo vyote vya polisi vilikuwa na maelezo ya mtu mwenye ndevu na kofia, anayetafutwa kuhusiana na kifo cha mtangazaji, na yeye ndiye aliyeyaandika maelezo hayo. Alikuwa anamtafuta marehemu kwa kosa la kujiua.

Seremala aliletwa kwenye chumba cha mahojiano na kukaa kama alivyokaa siku zote, mikono juu ya meza, macho juu ya mikono. Tangu akamatwe alikuwa ametoa jibu moja tu: sikumuua.

Safari hii Inspekta hakufungua jalada.

"Mkeo anaota ndevu," alisema.

Seremala aliinua uso. Rangi ilimtoka. Akatazama mlangoni kama mtu anayeogopa kwamba neno lile litasikika nje.

"Nani amekwambia?"

"Sauti yake. Nimeisikiliza ikibadilika. Zile sauti mbili alizosikia jirani ni wewe na yeye. Damu kwenye taulo ni ya kunyoa."

"Mimi ndiye nilimkata," seremala alisema, na machozi yakaanza kumtiririka bila kelele. "Nilikuwa namnyoa mimi. Yeye hajui kunyoa, angejua wapi? Siku ile alitikisika, nikamkata shingoni kidogo. Akasema basi, sinyoi tena, nimechoka. Akaondoka na ndevu zake."

"Kwa nini hukusema? Unajua kesho unakwenda wapi?"

"Najua."

"Unangoja kunyongwa kwa ajili ya ndevu?"

"Aliniapisha, afande." Alijifuta uso kwa kiganja. "Ilianza na chunusi. Tukacheka, tukasema amerudi usichana. Siku zake zikakata, tukafurahi, tukadhani ni mimba. Kisha sauti. Nywele zikampanda nyuma kama mzee. Alikwenda hospitali mara moja, kwenye dirisha la kina mama, mhudumu hakuinua hata kichwa, akamsikia tu, akasema wanaume ni upande ule, wewe vipi? Watu wakacheka. Alirudi nyumbani akajifunika shuka. Akaniambia, afadhali watu waseme nimekufa kuliko waseme nimegeuka mwanamume. Nikala kiapo. Sasa ninyi wenyewe mkasema amekufa, mimi ningekivunjaje kiapo?"

Inspekta alihisi aibu ikimpanda usoni, na hakuificha. "Alikwenda wapi?"

"Kutafuta hospitali ya mbali, wasikomjua. Alisema tumbo linamvuta upande wa kushoto. Alisema akipata dawa atarudi." Seremala akamtazama kwa mara ya kwanza moja kwa moja. "Lakini habari za mimi kukamatwa zimesomwa hadi redioni. Mke wangu namjua. Angekuwa mzima asingeniacha humu. Angekuja mwenyewe, ndevu na kila kitu. Ndiyo maana usiku silali. Hajaja, basi amekufa kweli."

Inspekta alitoka karibu akimbie hadi kaunta. Koplo wa zamu alikuwa anamenya chungwa juu ya jalada la malalamiko.

"Kuna mtu amekuja hapa kuhusu kesi ya mtangazaji? Yeyote. Siku hizi za karibuni."

"Hakuna, afande." Koplo akatabasamu. "Labda yule mlevi."

"Mlevi yupi?"

"Juzi. Jitu lina ndevu hilo, limevaa kofia. Linaniambia eti yule mwanamke mnayesema ameuawa hajauawa, ni mimi, mwachieni mume wangu. Mume wangu! Tulivunjika mbavu hapa. Nikaliuliza, bibi harusi, shela umeiacha wapi?" Alikuwa anacheka bado, kisha akaona uso wa Inspekta, na kicheko kikamfia mdomoni.

"Ukafanya nini?"

"Nilimtoa nje."

"Alikuwa ananuka pombe?"

Koplo alifikiri, na Inspekta aliona kijasho chembamba kikimchipuka kwenye paji. "Hapana. Ila alikuwa anayumba, ameshika tumbo. Nikajua ni pombe tu, wala yale maelezo ya mwenye ndevu anayetafutwa sikuyakumbuka."

"Upande gani?"

"Upande gani nini?"

"Tumbo. Alishika upande gani?"

Koplo aliweka chungwa chini, akajaribu mikono yake mwenyewe mmoja mmoja kama anayekumbuka, akaishia na kiganja upande wa kushoto.

Mtu anayeyumba, mkono tumboni, akitupwa nje ya kituo, hafiki mbali. Hospitali kubwa ilikuwa mwendo mfupi tu kutoka pale. Inspekta aliijua vizuri, hasa daktari mmoja wa upasuaji, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi, ambaye mara nyingi alimsomea majeraha ya watu. Alimkuta ananawa mikono.

"Nisaidie kitu," Inspekta alianza. "Mwanamke mtu mzima. Kwa miezi michache tu sauti inakuwa nzito, ndevu zinaota, nywele za mbele zinapukutika, siku zake zinakata. Kitu gani kinaweza..."

Daktari alifunga bomba. Akaenda akafunga na mlango.

"Nani amekuambia habari za mgonjwa wangu?"

Inspekta alikosa pa kushika. Akakaa juu ya ndoo ya takataka akidhani ni kigoda, na wala daktari hakucheka.

"Yuko hai?" aliuliza.

"Kwa sasa. Wapita njia wawili walimwokota barabara ya nyuma ya kituo chenu. Mapokezi waliona ndevu, wakamsukuma wodi ya wanaume. Mimi nilikuja kumpapasa tumbo, nikasema jamani, huyu ni mwanamke. Mpaka sasa wanabishana wampeleke wapi." Daktari alikausha mikono. "Kila mwanamke ana homoni za kiume kidogo mwilini, kama chumvi kwenye mchuzi. Huyu tumempima damu, anazo za mwanamume mzima. Mambo haya yakija taratibu, kwa miaka, mara nyingi huwa ni jambo lingine. Yakija kwa miezi, unatafuta uvimbe. Uko kwenye ovari ya kushoto, ukubwa wa chungwa, kazi yake ni kutengeneza homoni hizo tu bila kuagizwa. Wakati mwingine hukaa kwenye tezi iliyo juu ya figo. Wa huyu uko kwenye ovari."

"Unatoka?"

"Unatoka. Kwa picha nilizoona, bado uko mahali pamoja. Shida ni kwamba umejisokota kwenye shina lake, damu haipiti vizuri. Ukioza tumboni, tunampoteza. Ilibidi awe ameshapasuliwa."

"Basi mbona unanawa mikono?"

Kwa mara ya kwanza daktari alionyesha hasira. "Kwa sababu hataki kusaini. Jina hataki kusema. Anasema mumewe amefungwa kwa ajili yake, halali usingizi wa dawa mpaka mume atoke, kwa sababu akifia kwenye meza hakuna atakayejua kwamba yeye ndiye yeye, na mume atanyongwa. Nilidhani ni homa inamsemesha. Yuko timamu huyo, sivyo?"

"Timamu kuliko sisi sote," alisema Inspekta.

Alimpigia mkubwa wake simu pale pale, akaeleza. Mkubwa akamwambia apunguze kazi apumzike. Akaeleza tena, taratibu.

"Inspekta, mimi siwezi kumwambia mwendesha mashtaka kwamba marehemu ameota ndevu. Niletee ndugu wa damu amtambue, mbele yako, kwa mdomo wake. Na si mume. Mume ni mshtakiwa, neno lake halina uzito."

Ndugu wa damu alikuwa mmoja tu: dada mkubwa, ndiye aliyekuja polisi kulalamika, ndiye aliyesema tangu siku ya kwanza kwamba shemeji yake ni muuaji. Inspekta alimfuata kwenye duka lake la vitambaa. Hakumwambia mengi. Akamwambia tu kwamba kuna mtu wa kutambuliwa hospitalini, na dada akajitanda kitambaa cheusi, akijua anakwenda kutazama maiti. Inspekta hakumsahihisha. Alikuwa amezoea kuwaambia watu kwamba ndugu yao hayupo tena, maneno yake alikuwa nayo tayari, lakini kwa jambo hili alitafuta la kusema njia nzima asilipate. Njiani waliongeza koplo na seremala mwenye pingu, na dada alikaa ameegemea mlango wa gari ili nguo yake isimguse shemeji.

Walipopita njia ya wodi ya wanawake na kuingia ile ya wanaume, dada alisimama. "Maiti iko wodini?"

"Njoo tu, dada."

Kitanda cha mwisho kilizungushiwa pazia. Wagonjwa wengine walikuwa wamejiinua kwenye mito kutazama, na kwa nyuso zao ilionekana kwamba habari ya mtu wa nyuma ya pazia walishaipika na kuila. Daktari alilivuta. Aliyelala pale alikuwa na ndevu za kichaka, paji pana lililopoteza nywele, midomo mikavu. Shingoni palikuwa na kovu jipya, jembamba. Seremala alitoa mguno mmoja, akapita katikati ya koplo na Inspekta kama hawapo, akapiga magoti pembeni ya kitanda na pingu zake.

Dada alimtazama mgonjwa, akamtazama Inspekta. "Huyu ni nani? Mmeniletea nini? Mdogo wangu yuko wapi?"

Mgonjwa aligeuza uso. "Dada," alisema kwa ile sauti nzito.

Dada alirudi nyuma hadi mgongo ukagota ukutani. Haikuwa hofu ya kumwona mtu asiyemjua. Inspekta alikuwa amewaona wengi wakikutana na watu wasiowajua, na hivi sivyo wanavyofanya.

"Sauti hii unaijua," alimwambia.

"Ndiye aliyenipigia." Dada alibaki ameegemea ukuta. "Alinipigia kwa simu ya mdogo wangu, siku ile mlipomkamata shemeji. Mwanamume. Ananiita dada, ananiambia ni mimi."

"Hukutuambia habari za simu hiyo."

"Ningewaambia vipi? Mngesema kuna muuaji mwingine, mngemwachia huyu! Mimi nilishajua ni huyu." Alimnyooshea seremala kidole, na kidole chenyewe kikakosa nguvu kikashuka. "Nilidhani ananidhihaki. Nilimwambia maneno. Nilimwambia afe kama alivyomuua mdogo wangu, afe peke yake, asipate wa kumzika. Nikakata simu."

Hata yule aliyekuwa akikohoa tangu waingie alijizuia.

"Ulikata kabla sijamaliza," Chiriku alisema.

"Ulikuwa unataka kusema nini?"

"Nilitaka uje. Tumbo lilikuwa linaniuma."

Dada alifunika uso kwa kile kitambaa cheusi na kulia kwa sauti, kilio cha msibani hasa, na hakuna aliyejaribu kumnyamazisha. Koplo alikuwa anatazama viatu vyake. Inspekta naye aliona macho yake yanamwasha, akaruhusu yawashe. Walikuwa wote wamemsikia mwanamke huyu, mkuu wa stesheni, jirani, koplo, dada, na kila mmoja wao alimdhania mtu mwingine kwa kile alichokisikia. Na Inspekta mwenyewe alimwandika kuwa mtu wa kutafutwa kwa kifo chake mwenyewe.

"Uvimbe hausubiri machozi," daktari alinong'ona kwa ukali. "Na sisi tunapoteza muda."

Inspekta alijikaza. "Dada, nisamehe, ni lazima nikuulize na unijibu kwa mdomo. Unamtambua mtu huyu?"

Dada aliondoa kitambaa usoni. Alisogea hadi kitandani, akainama, akamtazama mgonjwa machoni, kisha akaweka kiganja chake juu ya shavu lile lenye ndevu na kukiacha hapo.

"Huyu ni mdogo wangu," alisema, na hakunong'ona. "Wa kike. Tumbo moja, baba mmoja, mama mmoja. Andika."

Inspekta hakuandika. Alichukua ufunguo akafungua pingu za seremala yeye mwenyewe, akampa koplo azibebe. Seremala hakusugua hata vifundo vya mikono. Alichukua fomu kwa daktari, akaishikilia wima juu ya kifua chake ili mkewe apate pa kuandikia.

Chiriku alishika kalamu. "Daktari, nikiamka, nitaamka na sauti yangu?"

"Ndevu zitapungua, nyingine utazinyoa. Siku zako huenda zikarudi, na nywele kiasi." Daktari alivuta pumzi. "Sauti hairudi. Nyuzi zake zikishanenepa zimenenepa."

Chiriku alitazama dari. Mumewe hakumwambia usijali wala Mungu mkubwa. Aliisogeza fomu karibu zaidi.

Akasaini.

Wahudumu wawili walikuja na kitanda cha magurudumu, wakambeba kwa uangalifu. Mmoja wao, kijana mwenye haraka zake, alimgeukia dada. "Mama, vitu vyake acheni hapa hapa kitandani. Akitoka tunamrudisha hapa."

Dada alikuwa amekwisha kuikusanya kofia, mkoba na viatu, amevikumbatia kifuani.

"Hapa ni wodi ya wanaume," alimwambia. "Akitoka, mrudisheni upande wa wanawake. Nakwenda kumtandikia."